Gari ya Yassine Hailali Kamili

Mume wangu Yassine hawezi kukaa. Nasema hivyo mbele yake na hakatai. Ukimpa kiti, anakalia ukingo. Ukimpa chai, anainywa akizunguka uani. Wageni wakija kutusalimu, habari hazijafika nusu yeye ameshafika langoni kuangalia barabara. Hapa Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu, wengine wanadhani ni majivuno. Si majivuno. Vita ilimwingia miguuni na haijatoka mpaka leo.

Watu wengi wa Kindu vita iliwachukulia kitu. Yeye ilimwachia kitu. Kila jioni gari ikisimama, lazima afungue kapo, lile bati la mbele, atoe kipande kimoja cha moteri, akiingize nyumbani, akiweke chini ya godoro letu. Tangu vita nimelala juu ya chuma. Mgongo wangu unakijua pembe kwa pembe, kuliko fundi yeyote wa mji huu.

Gari yenyewe ni break ya buluu, ndefu, yenye mlango nyuma. Ilikuwa ya mjomba wake, mfanyabiashara wa mchele. Vita ilipokaribia, mjomba akapanda mashua kwenda Kisangani, akamwachia Yassine ufunguo na maneno haya: "Wakiichukua, usinifuate kunieleza." Mjomba hakurudi. Maneno yalibaki.

Masoda, wale wenye bunduki, walipoingia mjini walianza na magari. Gari inayotembea ilikuwa yao, gari iliyokufa ilikuwa yako. Basi wenye magari wakaanza kuyaua kwa mikono yao. Huyu alitoa gurudumu, yule betri, na hawakupata faida, maana masoda walikuwa na magurudumu na betri zao. Yassine alikuwa dereva na fundi, alijua pa kugusa. Gari ile haina karburateri, ni ya injeksio. Kwenye njia ya hewa kuna kisanduku cha aluminiamu, na ndani yake kilango kinachosukumwa na hewa. Moteri ikivuta pumzi ndogo, kilango kinafunguka kidogo. Ikivuta pumzi kubwa, kinafunguka sana. Kinavyofunguka, njo kinavyoiambia kalkilateri, ule ubongo wa umeme chini ya dashibodi, imwage kiasi gani cha esansi, ile petroli. Na humo humo ndani kuna swichi ndogo ya pompi ya esansi. Toa kisanduku, pompi haizunguki. Gari inakohoa mara moja na kufa, na hata ukiisukuma mpaka Kibombo haiamki.

Alikitoa akakizamisha katika bido, dumu la mafuta ya mawese. Si bido lolote. Lile la jikoni kwangu, tulilolikata juu.

"Chuma ndani ya mawese haishikwi na kutu," akasema.

"Na sombe yangu itapikwa na nini?"

"Chota ya juu, mama. Usikoroge."

Wakati huo nilikuwa na mimba kubwa, sikuwa na nguvu ya kumpiga.

Masoda wakaja. Chef, mkubwa wao, alikuwa kijana mwenye miwani ya jua.

"Washa."

Yassine akawasha. Ikakohoa, ikafa.

"Washa tena. Esansi haiko?"

"Esansi iko, chef. Njo moteri imekufa."

"Imekufa lini?"

"Tangu mwenyewe akimbie, chef. Ilimlilia sana."

Masoda wakacheka. Chef hakucheka. Akamwamuru aisukume peke yake mpaka barabara kubwa, pengine itaamka njiani. Haikuamka. Akamwamuru airudishe. Alipoirudisha, wakampiga kwa kitako cha bunduki kwa kuwapotezea wakati, kisha wakaingia jikoni kutafuta cha kuwafariji. Wakachukua mchele, chumvi na jogoo. Mmoja akainua bido la mawese, akasikia kitu kinagonga ndani.

"Iko nini humu?"

Yassine alikuwa chini uani, damu puani. Nilimwona amefumba macho. Nikajibu mimi.

"Njo jiwe. Muuzaji alinitilia jiwe ili bido ionekane imejaa."

"Ee, watu wa Kindu!" akasema yule soda, akalitua kwa kinyaa, kama mimi njo nilikuwa mwizi. Wakaenda.

Kwa hiyo gari ikapona, na mtaa mzima ukamsifu Yassine. Sifa hizo zilidumu mpaka uchungu wangu ulipoanza.

Ulianza mchana, jua kali, na ulikuja vibaya. Mkunga wa mtaa akanigusa tumbo akasema, "Huyu apelekwe materinite, hospitalini, sasa." Yassine akakimbilia jikoni. Akaingiza mkono katika mawese mpaka kiwiko, akatoa kisanduku, akakipangusa kwa shati lake, akakifunga. Mikono ikateleza, skrubu zikaangukia mchangani, akaziokota. Mimi nimelazwa kiti cha nyuma, nasikia funguo, nasikia nyundo, nasikia anavyomwita Mungu. Lakini kilango kilikuwa kimejaa mawese, kimegandamana. Hakikufunguka. Moteri ikawaka, ikatapika moshi, ikafa. Ikawaka, ikafa.

Mounira wetu alizaliwa pale pale kwenye kiti cha nyuma, ndani ya ua, gari haijasogea hata upana wa mkono. Yeye alikuwa mzima. Mimi damu ilikataa kusimama. Wanaume wa mtaa wakanifunga juu ya kinga, baiskeli ya kubebea mihogo, wakaisukuma mpaka hospitali. Nilipona, lakini mlango wa watoto ulifungwa siku ile. Mounira njo wa kwanza na njo wa mwisho.

Yassine hakuwahi kulisema jambo hilo, na mimi sikumlazimisha. Ungedhani mtu kama huyo angejifunza kukiacha kisanduku mahali pake. Wapi! Alijifunza kukirudisha haraka. Alifanya mazoezi. Mpaka leo, ukimwambia "Tunatoka," kabla sijamaliza kufunga kitenge ameshakifunga na anapiga honi. Vita ikaisha, masoda wakaondoka, wakaja wengine wenye kofia za rangi nyingine, nao wakaondoka. Kisanduku kikaendelea kulala na sisi.

Ila kitu kinachotolewa na kurudishwa kila siku kinachoka, hata kingekuwa mtu. Kilango kikaanza kukwama. Gari ikawa inaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, inakunywa esansi kama mlevi, inatoa moshi mweusi, na ikifika kwenye dimbwi lile karibu na reli inazimika, kila mara, watu wanachungulia na kucheka. Yassine alikuwa na dawa yake: ndani ya kisanduku kuna gurudumu dogo la meno linalokaza springi. Asubuhi anasogeza jino moja mbele, saa sita jino moja nyuma. Akiwa hana la kufanya, anasogeza tu.

"Unatafuta nini humo?" namwuliza.

"Natafuta mahali itatulia."

"Utatulia weye kwanza."

Mwaka huu Mounira akarudi kwetu kutoka Kampene, ambako mume wake Hamisi anafanya biashara. Alikuja na mimba ya kwanza, maana kwetu mtoto wa kwanza anazaliwa mikononi mwa mama wa mwanamke. Niliposhika begi lake langoni, nikaangalia tumbo, halafu nikaangalia ile gari ya buluu imesimama imefunguliwa kapo, mdomo wazi, haina kisanduku. Yassine naye alikuwa anaangalia. Tumbo, gari. Tumbo, gari. Akaondoka kwenda langoni.

Njo nikamwita Josiane. Josiane ni binti wa kaka yangu, alisoma mambo ya umeme Goma, sasa anatengeneza paneli za jua na redio hapa mjini. Ana mdomo wa ukoo wetu; mimi shangazi yake ananiita tantine, mume wangu tonton. Akafungua kisanduku, akatia kidole ndani, akacheka.

"Tonton, hii kitu imekwisha. Njia yake ya umeme imelika kama kisigino cha sandali. Hata usogeze meno mpaka yaishe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunaitupa. Tunaweka debimetre ya waya, kipimo kipya cha hewa."

Ikaja kwa ndege kutoka Goma, ndani ya sanduku dogo. Nilitegemea mashine, kumbe ni bomba fupi la plastiki, na katikati yake waya mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Nikamwambia Josiane, "Hiki njo kitaendesha gari?"

"Tantine, waya huu unapashwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupoza. Kalkilateri inataka ubaki na moto ule ule, inaongeza umeme. Umeme ulioongezwa, njo uzito wa hewa iliyopita."

Yassine akakunja uso. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. "Ni mbabula, jiko langu la mkaa," nikamwambia. "Upepo ukipiga mbabula yangu, naongeza makala ili sufuria isipoe. Ukihesabu makala niliyoongeza, umejua upepo ulikuwa wa namna gani."

"Eeh, tantine! Wewe ungesoma..."

"Ningesoma, nani angekupikia? Fanya kazi."

Kazi ilichukua muda, maana kalkilateri ya zamani ilizoea lugha ya kilango, na waya una lugha yake. Josiane akaweka kati yao kijisanduku cha umeme cha kutafsiri. Yeye anarekebisha kijisanduku, Yassine anazunguka mtaa, anarudi, anatoa bougie, ile plagi ya kuwasha cheche, anaitazama juani. Nyeusi, esansi imezidi. Nyeupe, imepungua. "Bado," anasema. "Bado." Wakagombana, wakapatana, wakagombana. Mwishoni bougie ikatoka na rangi ya karanga iliyokaangwa vizuri, wote wawili wakaionyeshana kama pete.

Shida ikaja kwenye pompi. Kipande kipya hakina swichi ya pompi, basi Josiane akaifungia rele, swichi inayojiwasha, ili pompi izunguke yenyewe moteri inapozunguka.

"Kwa hiyo mwenye ufunguo yeyote anawasha?" Yassine akauliza.

"Ndiyo, tonton. Njo gari zote za dunia."

"Yeyote?"

"Tonton, vita iliisha mimi nikiwa naota meno."

Yassine aliingia garini. Akawasha. Ee jamani, sauti ile! Sikuwahi kuisikia. Ilikuwa inasaga polepole, sawasawa, kama cherehani ya fundi mwenye kitambaa kirefu. Niliweka kikombe cha maji juu ya kapo, maji hayakumwagika. Mounira akapiga makofi. Yassine akaiinamia, sikio karibu, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza uongo.

Jioni ile ile akakitoa kile kipande kipya.

Sikujua, maana hakukileta chini ya godoro, alijua ningeuliza. Alikifunga katika kitambaa, akakificha juu ya kabati. Asubuhi akakirudisha. Kila jioni, kila asubuhi. Halafu gari ikaanza kunukia. Ndiyo, kunukia. Ukiwasha, pua inakwambia kuna mama jirani anakaanga mikate. Mara ya kwanza niliangalia kweli nani anakaanga. Halafu nguvu zikapungua, gari ikashindwa kupanda kutoka mtoni na abiria wake. Halafu ikaruka. Mbuzi amerudi.

Josiane akaja, akachomoa kipande, akakishika juani. Ule waya wa kung'aa ulikuwa wa kahawia, umevaa ganda. Akanusa.

"Tonton. Hii ni mawese?"

Yassine akaangalia langoni.

"Tonton, ulifunga na nini?"

"Kitambaa," Yassine akasema.

"Kitambaa cha nini?"

"Kitambaa cha... kilicholowekwa. Chuma ndani ya mawese haishikwi na kutu."

Nilimwona Josiane anatafuta kucheka na kulia, hajui aanze na kipi. "Waya wa moto, mumepaka mafuta!" akasema. Akausafisha kwa spiriti ya kidonda, tone moja moja, hakuugusa kwa kidole. Ukapona. Akamwambia, "Ukikatika, ni Goma tena, na ndege haisubiri tumbo ya Mounira. Kukitoa kila siku kutaukata. Mimi nimesema."

Alipoondoka, nikamsimamia Yassine pale uani, mikono kiunoni.

"Baba Mounira, nisikilize. Kile kipande kitalala ndani ya gari. Kikitoka, weye njo utalala mahali pake, ndani ya bomba, nikufunge kapo juu."

"Wataiiba."

"Nani?"

Akanyoosha mkono kuonyesha barabara. Barabarani kulikuwa na mama anauza ndizi na mbuzi wawili.

"Hawa?" nikasema. "Utaogopa mbuzi mpaka lini?"

"Haujui kitu weye."

"Mimi? Mimi njo niliwaambia ni jiwe!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mounira akatoka mlangoni, ameshika mgongo. "Walikuchukulia nini, Yassine? Gari walikuachia. Kilichonichukulia mimi watoto si masoda. Ni kile kisanduku kilikuwa jikoni badala ya kuwa mahali pake."

Miaka yote hiyo nilikuwa sijalisema. Lilipotoka, hakuna aliyesogea, hata yeye. Kwa mara ya kwanza nilimwona Yassine amesimama kama nguzo. Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi, akaangalia mikono yake.

Njo Mounira akasema, polepole, "Papa, kama lazima utoe kitu, toa kitu gari haikihitaji."

Tukamtazama.

"Kile kichwa cha vitesi, pale unapobadilisha gia. Ile mpira nyeusi ya juu ya fimbo. Si inafunguka? Toa ile. Lala nayo."

Nilikuwa tayari kumwambia mtoto wangu asimchezee baba yake. Lakini Yassine alikuwa ameinua kichwa, anaifikiria kabisa, kama fundi anavyofikiria neno la fundi mwenzake. Akainuka, akaingia garini, akakizungusha kile kichwa, kikatoka. Akakipima mkononi. Akafunga kapo bila kugusa kitu kingine, akaingia nyumbani.

Jioni ile godoro langu lilikuwa na uvimbe mpya, wa duara. Nimewahi kulalia vibaya zaidi ya hapo. Yeye alitoka kuchungulia gari, akarudi, akatoka, akarudi. Siku zilizofuata nilikuwa nafungua kapo kwa siri, alfajiri kabla ya sala, kuangalia. Bomba lipo. Kesho yake tena. Lipo. Lakini sikuacha kuangalia. Nadhani nilikuwa nimeambukizwa.

Uchungu wa Mounira ulimkuta anaanua nguo. Akashika kamba ya nguo, akaniita mara moja tu, kwa sauti ile ninayoijua. Maji yalikuwa chini. Nikapiga kelele, "Baba Mounira!" Na miguu yangu, sijui kwa nini, badala ya kumkimbilia mtoto, ilikimbilia kapo.

"Wacha kapo!" Yassine akafoka. Alikuwa ameshaingia garini. "Iko mahali pake! Panda!"

Akazungusha ufunguo. Ikawaka. Haikukohoa, haikutapika. Iliwaka tu, kama vile jambo hilo lilikuwa rahisi tangu zamani.

Tukatoka. Mimi nyuma na Mounira, kwenye kiti kile kile, anachimba kucha kwenye mkono wangu. Yassine alikuwa anaendesha na fimbo tupu ya vitesi, maana kichwa chake kilikuwa bado chini ya godoro; kila akibadilisha, meno ya skrubu yanamwingia kiganjani. Hakulalamika. Barabara ilikuwa matope. Mbele nikaliona lile dimbwi la karibu na reli, na watu wake walewale wa kucheka, wamesimama wanasubiri. Nikaanza kusoma dua. Yassine akapunguza, akaingia, maji yakapanda mpaka milangoni, moteri ikashuka sauti... ikashika. Tukapanda upande wa pili. Nikatoa kichwa dirishani nikawaambia wale watu neno ambalo sitaliandika.

Materinite wakampokea Mounira moja kwa moja. Nikabaki kwenye korido, na baada ya kitambo Yassine akaja. Nikamwangalia mikono kabla ya uso. Nilitegemea kuona bomba la plastiki, au hata rele. Mikono ilikuwa mitupu, kiganja cha kulia kina damu.

"Umeiacha wapi?"

"Pale nje. Barabarani."

"Kamili?"

"Kamili. Hata ufunguo nimeusahau ndani."

Aliposikia alichokisema, akaruka kwenye dirisha. Akashika nondo za dirisha, akasimama hapo anailinda gari kwa macho. Muuguzi akapita, akamwambia, "Baba, kaa, kiti kiko."

"Huyo hakai," nikasema. "Mwache."

Mounira alikuwa analia ndani, halafu akanyamaza, halafu akalia tena. Kila akilia, Yassine anageuka. Kila akinyamaza, anarudi dirishani. Mpaka ilipotoka sauti nyingine, ndogo, kali, ya mtu aliyekasirishwa na baridi. Yassine akaliacha dirisha. Hakuangalia nyuma. Muuguzi alipotoka kutuambia ni msichana, na mama yake yuko salama, damu imesimama vizuri, nilitafuta ukuta wa kuegemea, na nikamkuta mume wangu ameshakaa. Kwenye kiti. Amekaa mpaka nyuma, mgongo umegusa ukuta.

Sitasema kwamba alipona. Tulipotoka gari ilikuwepo, ufunguo ndani, na kuku wa mtu amepumzika juu ya kapo. Yassine aliizunguka, akapiga magurudumu teke, akaangalia barabara juu na chini. Na jioni ya siku tuliyomleta mtoto nyumbani, niliposogeza godoro ili nimlaze mjukuu wangu, nilikuta kichwa cha vitesi kiko pale pale.

Nikakisukuma upande wa Yassine.